Mabeseni ya Mzee Adolfu

Jenereta la Bi Suma lilipokufa, mtaa mzima wa Kizwite ulijua, maana kelele zake zilikuwa zinafika hadi sokoni. Evodia alikuwa mlangoni pa nyumba ya betri, amekaa kwenye kigoda, anasugua vichwa vya betri kwa mswaki uliochakaa. Alisikia mashine ikikohoa, ikakohoa tena, kisha kimya. Akatabasamu, na halikuwa tabasamu la kumtakia mtu heri. Kesho yake jioni ukumbi wa Bi Suma ulikuwa na sherehe ya kumuaga bibi harusi, mji ulikuwa kwenye mgao wa umeme, na bwana harusi alikuwa Lwitiko, mtoto wa Bi Suma, mwanamume ambaye kwa haki yote angekuwa mume wa Evodia.

"Atakuja," alimwambia shangazi yake Fransiska, aliyekuwa anachambua maharage ndani.

"Nani atakuja?"

"Mwenye harusi. Hana pengine pa kwenda."

Shangazi akasema kama ni hivyo amwashie taa zake, amtakie maisha mema, yaishe. Evodia akaendelea kusugua. Alikuwa anaingoja siku hii tangu walipomzika baba yake, na mtu aliyengoja namna hiyo huwezi kumwambia yaishe akakuelewa.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma, chenye madirisha mapana na harufu kali ya tindikali. Baba yake, Mzee Adolfu, aliyekuwa fundi wa magari misheni, aliijenga wakati biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa na kila mwenye kamtaji akaweka duka, saluni au kibanda cha video. Mitambo ya dizeli ya mji ikazidiwa, umeme ukawa wa zamu. Mzee akapanga betri za malori kwenye rafu za mbao, akaziunganisha na umeme wa mji, na ukutani akafunga swichi yenye mkono wa chuma. Mkono ukiwa juu, betri zilikuwa zinakula umeme wa mji na kuutunza. Umeme wa mji ukikatika, alikuwa anaushusha mkono, na maduka ya jirani yanawaka kwa umeme ule ule uliotunzwa. Wengi waliona ni akili. Wengine waliona ni kitu kingine, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Maana betri zinakunywa maji. Maji ya bomba yanaziua, na maji safi ya kopo yalikuwa yanatoka Mbeya siku yanayojisikia. Kwa hiyo Mzee Adolfu alitumia maji ya mvua. Hakuyakinga kwenye bati, kwa sababu ya kutu. Alikuwa anaweka mabeseni ya plastiki katikati ya uwanja, tena si mvua inapoanza. Alisubiri kwanza ioshe vumbi la hewani, yaani mpaka ngurumo ziwe zimepamba moto. Sasa wewe msomaji fikiria mwenyewe. Hapa ni Sumbawanga, radi ikiua mbuzi watu hawaulizi imepiga wapi, wanauliza imetumwa na nani. Halafu mzee mwenye chumba kilichojaa umeme anatoka na mabeseni, ndani ya koti refu jeusi la mvua lenye kofia, wakati mbingu inapasuka.

Lwitiko alifika pale akiwa fundi kijana, familia yake imehamia kutoka Mbeya kwa ajili ya biashara. Alikuja kujifunza betri, akajifunza na mengine. Evodia alikuwa anashika faneli, yeye anamimina maji, na mara nyingi maji yalimwagika kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaitazama betri. Wakachumbiana. Bi Suma alinuna sana, akauliza kama wasichana wa Kinyakyusa wameisha Tukuyu nzima mpaka mwanawe aokote Mfipa. Hata hivyo ng'ombe wa mahari walinunuliwa, wakafungwa nyuma ya nyumba yake kungoja siku ya kupelekwa.

Hiyo siku haikufika. Alasiri moja mvua ilikuja na ngurumo, na Mzee Adolfu alikuwa amelala na homa. Lwitiko akamwambia atulie, mabeseni atayatoa yeye. Evodia ndiye aliyemvalisha koti la baba yake. Alimfunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anawaona, akambusu kidevuni. Lwitiko akatoka mbio uwanjani. Alikuwa bado anapanga mabeseni radi iliposhuka nyuma ya nyumba ya mama yake na kuwaua ng'ombe wote wa mahari.

Bi Suma alikuwa dirishani. Alichokiona ni koti na mabeseni.

Kwenye kikao cha washenga alisimama akaapa kwamba amemwona Adolfu kwa macho yake akiita radi. Alisema mzee yule anafuga radi kwenye betri, anaitoa akitaka, na mwanawe hataoa kwenye nyumba ya mchawi. Hakuna aliyeuliza ni baba gani anayejiulia ng'ombe wa mahari ya binti yake. Evodia alisema wazi kwamba aliyekuwa ndani ya koti ni Lwitiko. Wakamwambia akae, kwamba mtoto lazima amtetee baba yake. Kisha macho yote yakamgeukia Lwitiko, na Lwitiko akatazama sakafu kama mtu aliyedondosha sindano. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Njiani kurudi nyumbani Mzee Adolfu alisema neno moja tu. "Mwache. Kinywa ni chake. Siku akitaka atasema."

Mzee alingoja siku hiyo mpaka akachoka. Wateja walikimbia, marafiki wa misheni wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, na kipupwe kilipokuja kilimkuta hana nguvu wala hamu. Waliomzika walikuwa wachache, na Lwitiko hakuwamo. Baadaye watu walirudi na waya zao kwa Evodia, maana hofu yao ilikuwa kubwa lakini hamu ya kuangalia video ilikuwa kubwa zaidi. Evodia aliwapokea wote. Koti la baba yake aliliacha pale pale mzee alipolitundika, kwenye msumari karibu na swichi, akawa analitazama kila asubuhi kabla hajagusa kitu.

Jioni ile jenereta lilipokufa, Lwitiko alifika jua likiwa linaelekea milimani. Alimwamkia shangazi, shangazi akaitikia marahaba, akachukua ungo wake wa maharage akaenda kukaa mbali kidogo, lakini si mbali kiasi cha kutosikia.

"Evo," alisema Lwitiko.

"Evodia."

Alikuwa amenenepa kidogo, na hilo lilimkera Evodia, kwamba mtu aliyemfanyia vile alikuwa anapata usingizi na chakula. Lakini macho yalikuwa yale yale. Moyo wake ulifanya ujinga wake wa siku zote, ukaruka, naye akaulaani kimyakimya. Lwitiko akaeleza kwamba jenereta limekufa, fundi amesema kifaa kinatoka Mbeya, na wakwe zake wapo njiani kutoka Milepa, kule bondeni kwenye joto. Mzee Masanja, baba wa bibi harusi, alikuwa ameamua kumuagia binti yake mjini, na alikuwa amejaza lori zima ndugu na ng'ombe wa kuchinja.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua."

"Kasemaje?"

Lwitiko alisita. "Kasema nisishike kitu."

Evodia akacheka, kicheko kikavu, mpaka shangazi akainua uso kwenye ungo. Lwitiko alisema atalipa chochote. Evodia akamwambia fedha yake akamnunulie bibi harusi viatu. Taa atawasha, muziki utapiga, bure kabisa.

"Ila kesho ukisimama kushukuru watu," alisema, "useme ni nani aliyekuwa ndani ya koti."

Lwitiko aligeuka akaliona pale msumarini. "Bado unalo."

"Lipo alipoliacha mwenyewe."

"Evo, nilikuwa na hofu."

"Hukuwa na hofu. Ulikuwa na mama."

Betri zilikuwa zinatoa povu lake dogo la kuchemka. Lwitiko alinyoosha mkono kupokea waya wa kupelekwa ukumbini, aliokuwa ameushika Evodia, na vidole vyao vikakutana juu ya mpira mweusi. Hakuna aliyeondoa mkono haraka kama ilivyopasa. Angekiri kosa wakati ule ule, pale pale chumbani, pengine Evodia angelia na kumsamehe, na chuki yote aliyoifuga ingeondoka. Lakini alichosema ni kwamba Rahel, bibi harusi wake, hana kosa, asiaibishwe.

"Baba yangu naye hakuwa na kosa," alisema Evodia, akauachia waya. "Usiposema kabla keki haijakatwa, nazima."

"Nitasema. Haki ya Mungu."

"Usiape. Sema tu."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Wageni wa Milepa walikuja na ngoma, vigelegele na shuka zao za begani, wakiilalamikia baridi ya Sumbawanga kama watu walioletwa kwa adhabu. Bi Suma alivaa vitenge vipya, na kila alipopita chini ya waya uliotoka nyumba ya betri aliinama, ingawa waya ulikuwa juu kuliko mrefu yeyote mle ndani. Umeme wa mji ulikatika kwa zamu yake. Evodia akaushusha mkono wa chuma, na taa za ukumbi zikawaka zote, watu wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani.

Madirisha ya ukumbi yalitazama uwanja, na ng'ambo ya uwanja ndipo lilipokuwa dirisha la Evodia. Aliona kila kitu. Alimwona Rahel, msichana mrefu mwenye macho matulivu, akijaribu kucheza bila kukanyaga gauni. Alijaribu kumchukia akashindwa, na kushindwa huko kulimuudhi zaidi. Alimwona Lwitiko amesimama, kipaza sauti mkononi, akimshukuru Mungu, mama yake, wakwe, kamati, wapishi, hata dereva wa lori. Kisha akanyamaza. Akatazama nje, ng'ambo ya uwanja, na macho yao yakakutana.

"Na wengine wote ambao sikuwataja," alisema Lwitiko, "naomba mjione mmetajwa."

Akakaa. Watu wakapiga makofi.

Evodia alishika mkono wa swichi. Ulikuwa wa baridi na ulimtoshea vizuri kwenye kiganja. Pale ukumbini walikuwa wanamsogezea bibi harusi kisu cha keki. Shangazi Fransiska akasema taratibu, "Mwanangu, usifanye." Lakini Evodia alikuwa tayari ameanza kuusukuma juu, pole pole, akiisikia raha ikimpanda mwilini, wakati wingu lililokuwa limefunga tangu mchana lilipofunguka. Mvua ilianguka kwa kishindo. Ngurumo ikapita juu ya bati, na nyingine nyuma yake.

"Na betri hazina maji," alisema shangazi, kwa mazoea tu.

Mkono wa Evodia ukasimama. Alilitazama koti. Kisha akazitazama taa za ukumbi na uso wa Lwitiko chini yake, na akaelewa jambo lililomfanya ajione mjinga kwa muda wote aliopanga. Akizima, atamfichia aibu. Katika giza hakuna atakayeona mtu anatazama wapi. Yeye alitaka waone.

Aliuacha mkono wa chuma mahali pake. Akalivaa koti, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akabeba mabeseni akatoka.

Aliyapanga taratibu, moja baada ya jingine, kama alivyofundishwa. Umeme wa mbinguni ukamulika uwanja mzima. Ndani ya ukumbi kiti kilianguka, na sauti ya Bi Suma ikaja juu ya mvua na muziki.

"Ni yeye. Adolfu. Yule pale na mabeseni yake. Adolfu amerudi."

Muziki ukazimwa. Evodia alingoja beseni moja lijae vizuri, akaliinua, akaingia nalo ukumbini kupitia mlango wa mbele, maji yakimtiririka kwenye pindo la koti. Watu walimpisha. Akaliweka beseni mezani, kando ya keki, na ndipo akaivua kofia.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Suma.

Bi Suma alikuwa ameshikilia ukuta.

"Umesema umemwona nani?"

Aliyejibu ni Mzee Masanja, baba wa bibi harusi, kwa sauti yake nzito ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. "Amesema Adolfu. Tumesikia sote. Adolfu ni nani?"

"Ni baba yangu, mzee. Alishafariki." Evodia hakuondoa macho kwa Bi Suma. "Mara ile ulimwona hivi hivi, mama. Dirishani, mvua, koti, mabeseni. Ukaapa mbele ya washenga kwamba ni yeye. Leo pia umemwona, na yuko kaburini. Haya ni maji ya betri. Taa zinazowamulika zinakunywa maji haya. Siku ng'ombe walipokufa aliyeyatoa hakuwa baba yangu. Muulizeni bwana harusi alikuwa nani."

Taa ziliwaka sana. Mwanga wa betri ulikuwa mweupe, haukuacha kivuli hata nyuma ya masikio ya mtu, na ukumbi mzima ukamwona Lwitiko akiinamisha kichwa na kuitazama sakafu.

"Lwitiko," alisema Rahel. Hakuwa amepaza sauti. "Nitazame mimi. Nani alikuwa ndani ya koti?"

Alichelewa, lakini aliinua uso. "Mimi."

"Mwanangu," alisema Bi Suma.

"Ni mimi, mama. Mzee alikuwa mgonjwa, amelala. Nilitoka mimi."

Rahel alimtazama Evodia, akamtazama tena mchumba wake. "Na huyu ulikuwa unampenda?"

"Nilimpenda."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Sasa siku mama yako akiwa dirishani akaniita mimi mchawi, wewe utatazama wapi?"

Lwitiko akatazama sakafu tena, kwenye mwanga wote ule. Rahel alilitoa ua lililokuwa kifuani pake, akatafuta mahali pa kuliweka, akaliweka ndani ya beseni. Kisha akashika pindo la gauni akaenda kukaa karibu na baba yake. Mzee Masanja akamsogezea kiti. Mwishowe akasema watu wapakue wale, kwa kuwa chakula kimepikwa na ng'ombe ni wake, na hayo mengine watayazungumza Milepa. Bi Suma alikuwa ameketi sakafuni, vitenge vyake vipya vikinywa maji yaliyodondoka kwenye koti.

Evodia alilibeba beseni lake akatoka. Mlangoni aliyamwaga yale maji pamoja na ua, kwa sababu maji yenye uchafu hayafai. Mengine yalikuwa yanajaa uwanjani.

Alikuwa nyumba ya betri, bado hajalivua koti, Lwitiko alipokuja. Alisimama kizingitini, suti imemshika mwilini, nywele zimelala. Shangazi Fransiska akachukua ungo wake akaondoka, safari hii mbali kweli.

"Nimesema," alisema Lwitiko.

"Nimesikia."

"Evo, mimi sijaacha hata siku moja..."

"Najua." Na alijua kweli. Alikuwa anauona upendo kwenye macho yake, na alikuwa anausikia ndani yake mwenyewe, mzima, haujapungua, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. "Ungesema siku ile ningekufuata hata pasipo na ng'ombe. Ungesema baba akiwa kitandani, angekufa anacheka. Umesema leo, kwa kuwa mwanamke mwingine amekulazimisha. Baba yangu alikungoja, Lwitiko. Kila mbwa akibweka alikuwa anauliza kama ni wewe."

Lwitiko akaanza kulia. Evodia alimwacha alie. Halafu akalivua koti, akamzungushia mabegani, akamwingiza mkono mmoja, na wa pili. Akaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, kutoka chini. Alipofika cha shingoni alisimama karibu mno, karibu kiasi cha kusikia joto la kidevu chake, na Lwitiko akafumba macho akingoja.

Evodia akamvutia kofia mpaka kwenye nyusi.

"Nenda nalo nyumbani," alisema. "Pita barabarani, pita sokoni, watu wako madirishani. Leo wakuite wewe Adolfu."

Akamgeuza kwa mabega, akamtoa nje. Alibaki mlangoni akilitazama lile koti likivuka uwanja, kati ya mabeseni, na dirisha moja likifunguliwa, na la pili, mpaka likapotea kwenye mvua. Kisha alijifuta uso kwa kiganja, akachukua jagi na faneli, akaanza kuzinywesha betri maji, akianza na ile ya mwisho aliyoifunga baba yake.